Mafaili Yaliyoishinda Kumbukumbu

Ofisi ya Sensa ya Marekani ilipopokea kompyuta ya UNIVAC mwaka 1951, ilipokea mashine ambayo isingeweza hata kidogo kuibeba kwa mara moja kazi iliyonunuliwa kuifanya. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija iliyojaa zebaki, ambamo mawimbi ya sauti yalizungushwa bila kukoma ili yasipotee, na mirija yote kwa pamoja ilishika herufi 12,000 tu, takribani kurasa sita za kitabu cha kawaida. Utepe mmoja wa chuma uliofungwa kwenye mashine hiyo ulibeba herufi zaidi ya milioni moja, na sensa haikuwa kazi ya utepe mmoja. Tofauti hiyo kati ya kinachoenea ndani na kinachosubiri nje haikuwatisha waliohusika. Waliichukulia kuwa ndiyo hali ya kazi, wakabuni namna ya kuipitisha data ndani ya mashine kidogo kidogo, kila kipande kikiondoka ili kumpisha mwenzake. Ukifuatilia miaka sabini na ushei iliyofuata, utaona jambo linalojirudia: karibu kila mara faili kubwa lilipotiishwa, lilitiishwa na mtu aliyekubali kutoliona lote kwa pamoja, na lilipowashinda watu, hasa baada ya kumbukumbu kuanza kushuka bei, mara nyingi chanzo kilikuwa programu iliyotaka kulimeza zima.

Mfano ulio wazi zaidi ni upangaji. Kupanga majina milioni moja kwa alfabeti kunaonekana kuwa muhali bila kuyaona yote, maana jina la mwisho kusomwa laweza kuwa ndilo la kwanza katika orodha. Mwaka 1945 John von Neumann, akiandika kwa mkono programu ya EDVAC, mashine ambayo ilikuwa haijajengwa bado, alionyesha kwamba mafungu mawili yaliyokwisha kupangwa yanaweza kuunganishwa kuwa moja kwa kulinganisha vichwa vyake tu. Unachukua kilicho kidogo kati ya viwili vilivyo mbele, unakiandika, unasogea, unalinganisha tena. Nafasi inayohitajika ni ya vitu viwili, hata mafungu yenyewe yawe marefu kiasi gani. Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioiandalia kompyuta ya ENIAC programu zake za kwanza, ndiye aliyeigeuza hesabu hiyo kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1951 aliiandikia UNIVAC programu iliyotunga programu nyingine za kupanga na kuunganisha, kulingana na sura ya data iliyopewa. Utepe ulisomwa kwa vipande vinavyoenea ndani, kila kipande kikapangwa na kuandikwa kwenye utepe mwingine, kisha vipande vikaunganishwa na kuunganishwa tena mpaka likabaki fungu moja. Amri ya sort iliyomo katika kompyuta za Linux leo bado hufanya vivyo hivyo nafasi inapoiishia, isipokuwa badala ya tepe huandika mafaili ya muda kwenye diski. Kwayo, faili la megabaiti kumi na la gigabaiti mia hutofautiana kwa muda wa kusubiri, si kwa namna ya kufanya.

Wahandisi wakishughulika na majina na takwimu, padri Mjesuiti wa Italia aliyeitwa Roberto Busa alikuwa na tatizo la matini hasa. Kwa ajili ya tasnifu yake juu ya dhana ya uwepo katika maandishi ya Thomas Aquinas, alikuwa amenakili kwa mkono kadi 10,000, zote kwa sababu ya kineno kimoja cha Kilatini chenye herufi mbili, in. Mwaka 1949 alikwenda New York kumwona Thomas J. Watson wa IBM, akiomba mashine za kuorodhesha kila neno la Aquinas mahali lilipotumika. Kazi ilichukua miaka zaidi ya thelathini, ikagusa maneno takriban milioni 11, ikatoka katika juzuu 56 zilizokamilika mwaka 1980. Sehemu kubwa ya kutoboa kadi ilifanywa na wanawake vijana waliofundishwa kazi hiyo huko Gallarate, ambao majina yao yalikaa muda mrefu bila kutajwa popote. Kwa hoja yetu, la kuzingatia ni gharama aliyoilipa Busa. Ukikubali kulivunja andiko zima, kila kipande lazima kitembee na anwani yake: neno hili limetoka kitabu gani, sura gani, mstari gani. Kadi isiyo na anwani ni takataka. Kadi yenye anwani inaweza kuchanganywa, kupangwa upya, kuhesabiwa na kurudishwa mahali pake bila mtu yeyote kuhitaji kuitazama bahari yote ya maandishi.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua haraka shida nyingine iliyomkabili Busa, kwa kuwa Kilatini nacho hulivisha neno moja sura nyingi. Anayetafuta kitenzi soma katika rundo la magazeti atakikosa asipojua kwamba kimejificha ndani ya wamesomeshwa, tusome na hakisomeki. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuijengea kompyuta uwezo wa kuchambua maumbo hayo ya Kiswahili katika miaka ya 1980, na kutokana na kazi hiyo ikakua hazina ya matini za Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Uchambuzi wa namna hiyo unaweza kwenda neno kwa neno: neno linaingia, linavuliwa viambishi, linatoka na maelezo yake, linafuata jingine. Ugumu wa lugha ni jambo moja na ukubwa wa faili ni jambo jingine, na wa kwanza haulazimishi matini yote ikae kwenye kumbukumbu.

Njia hii ilipata lugha yake kamili katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mfumo endeshi wa Unix ulikuwa ukiendeshwa kwenye PDP-11, kompyuta ambamo programu moja iliweza kufikia kilobaiti 64 tu za kumbukumbu. Lee McMahon wa maabara hizo alitaka kuyachunguza maandishi ya Federalist Papers, insha 85 za miaka ya 1787 na 1788 zilizotolewa na Alexander Hamilton, James Madison na John Jay chini ya jina bandia moja. Uandishi wa 12 kati ya hizo ulikuwa umebishaniwa kwa miaka mingi. Maandishi yote yalifika kama megabaiti moja, na kihariri cha ed kilishindwa kuyafungua kwa pamoja. Kwa simulizi ya Brian Kernighan, aliyefanya kazi hapo pia, mwenzao Ken Thompson aliichomoa kutoka ndani ya ed sehemu ya kutafuta ruwaza na kuchapa mistari inayolingana nayo, akaifanya programu inayojitegemea, na kazi hiyo ilimchukua usiku mmoja. Zipo simulizi nyingine zinazompa mwenzao mwingine, Doug McIlroy, heshima ya kuiomba. Vyovyote iwavyo, programu hiyo, grep, ilikuwa imeingia katika Unix kufikia mwaka 1973. Tofauti yake na mzazi wake ni ndogo kwa umbo na kubwa kwa matokeo. Kihariri hulishika faili ili mtu aweze kurudi nyuma. Grep husoma mstari, huuliza kama unafaa, huuchapa au huutupa, na haiurudii tena. Kwa kuacha uwezo wa kurudi nyuma ilipata uwezo wa kwenda mbele bila kikomo.

McMahon mwenyewe ndiye aliyeandika sed, inayofanya mabadiliko ya maandishi kwa mwendo huohuo wa mstari kwa mstari, na mwaka 1977 Alfred Aho, Peter Weinberger na Kernighan wakaongeza awk, inayoweza pia kuhesabu na kukumbuka kidogo njiani. Kilichoziunganisha ni mabomba, wazo ambalo McIlroy alilitoa tangu 1964 na ambalo Thompson alilitekeleza mwaka 1973: matokeo ya programu moja yanaingia moja kwa moja kwenye nyingine. Katika Unix ya PDP-11 bomba lilishika baiti 4,096 tu kwa wakati mmoja. Likijaa, mwandishi anasubiri. Likikauka, msomaji anasubiri. Kwa hiyo faili la ukubwa wowote liliweza kupita katika mnyororo wa programu tano, na wakati wowote ule sehemu iliyomo ndani ya bomba haikuzidi kurasa mbili au tatu.

Mwaka 1986 tofauti ya mitazamo ilionekana hadharani katika jarida la Communications of the ACM. Jon Bentley, mwenye safu humo, alimwomba Donald Knuth aandike programu ya kutoa maneno yanayojirudia zaidi katika matini. Knuth aliandika programu ndefu na nzuri, yenye muundo wa data alioutunga kwa uangalifu mkubwa, unaotunza maneno yote tofauti kwenye kumbukumbu. McIlroy, aliyeombwa kuihakiki, alijibu kwa amri sita zilizounganishwa kwa mabomba. Watu wengi huisimulia habari hii kama ushindi wa mjanja mmoja dhidi ya msomi, na hapo wanamwonea Knuth: aliombwa kuonyesha mtindo wake wa kuandika programu zisomeke kama vitabu, naye alionyesha. Tofauti yenye uzito ipo kwingine. Suluhisho la McIlroy linaikabidhi sort kazi nzito, na sort ikishindwa kuenea ndani huhamia kwenye diski, kwa hiyo halihitaji kujua mapema msamiati ni mkubwa kiasi gani. La Knuth lilihitaji kujua.

Wakati wote huo, upande wa vihariri vya skrini, mambo yalikuwa yakielekea kwingine. TECO, iliyoandikwa na Dan Murphy huko MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilihariri utepe wa karatasi ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa ukishatoka, umetoka. Mtu aliyekaa mbele ya skrini hakutaka hivyo. Alitaka kuruka kutoka mwanzo hadi mwisho, kubadili neno huku na kufuta aya kule, na sioni sababu ya kumlaumu. Emacs, iliyoanza mwaka 1976 kama mkusanyiko wa makro za TECO, ilimpa anachotaka kwa kulipakia faili lote. Mwongozo wa mradi wa GNU uliwaambia waandishi wa programu waziwazi kwamba, ikiwa kuna sababu nyingine zinazozuia mafaili yanayozidi megabaiti chache, hakuna ubaya kulisoma faili zima kwenye kumbukumbu. Mwongozo huohuo, kwa haki, uliwakataza kuweka mipaka ya kiholela katika urefu wa mistari, maradhi yaliyokuwa yameziandama zana za zamani za Unix. Lakini Emacs ya mradi huo yenyewe kwa miaka mingi haikuweza kufungua faili linalozidi megabaiti 8, kwa sababu namba za kuhesabia nafasi ndani yake zilikuwa za biti 24. Notepad ya Windows 95 na 98 ilikwama kwenye kilobaiti 64 hivi, ikawa inampendekezea mtu afungue WordPad.

Hakukuwa na sababu ya kiufundi ya kuchagua kati ya kuruka huku na huku na kubaki na kumbukumbu ndogo. Watafiti wa Xerox PARC walikuwa wameshalitatua hilo mwaka 1974. Bravo, kihariri kilichoandikwa na Butler Lampson na Charles Simonyi kwa ajili ya kompyuta ya Alto, hakikuligusa faili la asili kabisa. Kilitunza jedwali la vipande: kuanzia herufi hii hadi hii zimo kwenye faili la zamani, kuanzia hii hadi hii zimo kwenye maandishi mapya yaliyoongezwa. Kufuta sura nzima ni kubadili safu chache za jedwali. Simonyi alihamia Microsoft na mbinu hiyo ikaingia katika Word, huku vihariri vingi vya watengenezaji programu vikiendelea kupakia kila kitu. Kisha mwaka 2018 timu ya Visual Studio Code, ya Microsoft hiyohiyo, ilieleza kwa nini imekiandika upya kiini cha kihariri chake. Mtumiaji mmoja alikuwa ameshindwa kufungua faili la megabaiti 35. Faili lilikuwa dogo. Mistari ndiyo iliyokuwa mingi, milioni 13.7, na kila mstari ulitengenezewa kifurushi chake kwenye kumbukumbu, hata megabaiti 35 zikawa kama 600. Dawa waliyoichagua ilikuwa jedwali la vipande, likiwa limepangwa katika mti ili kuharakisha utafutaji. Miaka 44 ilikuwa imepita tangu Bravo.

Kisa hicho kinajibu pingamizi la kwanza linaloletwa dhidi ya hoja hii, kwamba leo kumbukumbu ni rahisi na suala limekwisha: mwenye gigabaiti 64 apakie tu. Nafasi anayoihesabu mtu ni ukubwa wa faili kwenye diski, lakini nafasi inayotumika ni ukubwa wa faili baada ya programu kulivisha vifurushi, viungo na maelezo ya rangi, nao waweza kuwa mara kumi na saba, kama tulivyoona. Tena matini zenyewe hukua pamoja na mashine. Jenomu ya binadamu, ambayo rasimu yake ilitangazwa mwaka 2000, ina herufi za kemikali zipatazo bilioni tatu, na kila mtu ana yake. Ikumbukwe pia kwamba, mara nyingi, kupitisha kuna kasi zaidi kuliko kupakia, hata nafasi ikiwepo. Mike Haertel, mwandishi wa grep ya GNU, ameeleza kwamba siri ya kasi yake ni kutofanya kazi: kwa mbinu ya Robert Boyer na J Strother Moore ya mwaka 1977, programu huruka herufi nyingi bila kuzitazama, na hata haihangaiki kuikata matini katika mistari mpaka iwe imepata inachokitafuta. Moore huyo, kwa bahati, ndiye pia anayetajwa kuwa mbunifu wa jedwali la vipande.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na sidhani linaweza kujibiwa kikamilifu. Zana zote hizi zinategemea kwamba matini ina mistari, na mstari si sheria ya maumbile. Ni desturi iliyorithiwa kutoka kwenye kadi za kutoboa na mashine za kuandikia kwa simu. Ukiipa grep faili la gigabaiti mbili lililoandikwa mstari mmoja, kama yanavyotoka mafaili mengi ya JSON, itajaribu kuushika mstari huo wote, nayo itakuwa imerudi kule kule ilikokuwa imekimbia. Wanabiolojia walilikwepa hilo kwa kuzikata herufi za jenomu katika mistari mifupi ya herufi 60 au 80 ndani ya mafaili ya FASTA, ingawa kromosomu haina mistari. Ni mkato usio na maana yoyote ya kibiolojia, na ni mzuri. Kwa miundo yenye mabano ndani ya mabano, kunahitajika msomaji anayekumbuka amezama kina gani, na anayetaka kuuliza maswali yaleyale kila siku afadhali ajenge faharisi au hifadhidata, kwa sababu kupitisha terabaiti nzima kwa ajili ya jibu la mstari mmoja ni upotevu. Nakubali yote hayo. Lakini faharisi yenyewe hujengwa kwa kupitisha, na hifadhidata nayo husoma diski kwa kurasa ndogo, haipakii kila ilicho nacho.

Matini zilipovuka uwezo wa mashine moja, hoja ilijitokeza tena bila sura mpya. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walichapisha maelezo ya MapReduce, mfumo wa kugawa data kwa vipande vya megabaiti 16 hadi 64, kila kipande kikapelekwa kwenye mashine yoyote iliyo huru, kisha matokeo yakapangwa na kuunganishwa. Miongoni mwa mifano waliyoitoa kulikuwamo kuhesabu maneno na kutafuta ruwaza, yaani kazi ya McIlroy na kazi ya Thompson. Wakipanga terabaiti moja ya rekodi kwa kutumia mashine zipatazo 1,800, walimaliza kwa sekunde 891. Hakuna mashine hata moja kati ya hizo iliyoiona terabaiti hiyo. Holberton, aliyefariki mwaka 2001, angeufahamu mpango huo kwa dakika chache.

Waliosahau somo hilo walilipa mwaka 2020. Maabara za Uingereza zilikuwa zikituma matokeo ya vipimo vya korona kama mafaili ya CSV, matini ya kawaida ambayo awk ya 1977 ingeyasoma bila kusita. Katikati ya njia, taasisi ya Public Health England iliyaingiza kwenye lahajedwali la Excel la muundo wa zamani, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo lahajedwali moja lilijaa likifikisha wagonjwa wapatao 1,400. Waliozidi waliachwa nje kimyakimya. Wagonjwa 15,841 wa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu za kila siku kwa wakati, na watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Wengi walisema kosa lilikuwa la muundo wa zamani, kwamba ule wa tangu 2007 unabeba mistari 1,048,576. Ni kweli ungetosha kwa wiki ile. Ila nao ni ukuta, umesogezwa tu, na lahajedwali la aina yoyote linadai kuvishika vyote kabla ya kukuonyesha kimoja. Taasisi haikubadilisha muundo mara moja. Iliyakata mafaili katika mafungu madogo, ikayapitisha moja baada ya jingine.